Dar mpaka Moshi na watoto wadogo: msimame wapi, saa ngapi, na mnashukaje

Desemba ikikaribia wenyewe mnajua, watu wanaanza kujiandaa kwenda kuhesabiwa, yani kurudi kwao Kilimanjaro kwa sikukuu, mji unabaki mweupe na barabara ya kaskazini inajaa gari ndogo zilizolalia nyuma kwa mizigo. Huu mwongozo ni wa wenye watoto wa chini ya miaka sita na gari binafsi. Watu wazima wanne wanaweza kutoka Dar, wakasimama Korogwe mara moja wakanywa supu na mchana wapo Moshi wanapiga stori, hao hawanihusu leo.

Kutoka Dar mpaka Moshi ni kama kilomita 550, yani masaa nane na kitu ya gari kutembea, na ukiwa na watoto ongeza masaa mawili ya kusimama, usijidanganye kwamba utayakwepa. Hayo masaa mawili utayatumia tu, tofauti ni kama umeyatumia wewe unavyotaka au wameyatumia watoto wanavyotaka wao. Usipowapangia vituo watavipanga wenyewe, na watavipanga kwenye foleni ya malori pale mizani Vigwaza au porini ambako hamna hata kivuli cha kusimama. Kanuni yangu ni moja: gari yenye watoto inasimama kabla haijahitaji kusimama.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya watoto kwanza, kilomita baadaye

Watu wengi wanapanga safari kwa miji. "Tutasimama Chalinze, alafu Korogwe, alafu Same." Sio mbaya, lakini anza na swali hili: nani kwenye gari anaweza kushikilia mkojo na kwa muda gani? Mtoto wa miaka mitatu aliyetoka kwenye pampasi juzi juzi akisema "mama mkojo" una dakika mbili tatu, zikizidi hapo unafua siti. Wa miaka mitano anaweza kusubiri mpaka mji unaofuata ila atakuwa anauliza "tumefika?" kila baada ya kibao. Kichanga yeye hana shida ya mkojo kwa sababu ana pampasi, shida yake ni kukaa amekunjwa kwenye kile kiti chake muda mrefu, wataalamu wanashauri kisizidi masaa mawili mfululizo ndo atolewe anyooshwe mgongo.

Kwa hiyo tumia masaa mawili kama kipimo cha gari nzima. Kila baada ya saa moja na nusu mpaka mbili, magurudumu yanasimama, hata kama hamna aliyelalamika, hata kama baba watoto anasema "tumalizie mpaka Segera tu". Isipokuwa kitu kimoja: kama watoto wakubwa wamelala, usiwaamshe kwa sababu ratiba imesema. Mtoto akiamshwa usingizini kwenye gari atawalipisha wote mpaka Mombo. Pitiliza kituo, simameni pale anapoamka. Ila kama kuna kichanga yeye masaa mawili yake yako palepale, mama anashuka naye taratibu kivulini, wengine wanaendelea kukoroma na mtu mzima mmoja anabaki nao ndani milango ikiwa wazi.

Na hapo hapo niseme hili la kupakata. Najua wengi tunapakata, safari ndefu, mtoto analia, mama anamtoa kwenye kiti anamnyonyesha gari ikiwa kwenye 90. Gari ikifunga breki ya ghafla mikono ya mama haimshiki mtu, hata uwe na nguvu za namna gani. Ndio maana kunyonyesha nakuhesabu kama sababu kamili ya kusimama, dakika kumi na tano za kunyonyesha mmetulia chini ya mti, mtoto anashiba, anacheua, anarudi kwenye kiti chake, na mara nyingi analala palepale.

Hatua ya 2: Begi la vituo, na linakaa wapi

Hili ni begi dogo tofauti na mabegi mengine, na halikai kwenye buti chini ya mzigo wa sikukuu, linakaa miguuni kwa anayekaa siti ya mbele kushoto. Ndani yake:

- poti ndogo ya plastiki (kwa wa miaka miwili mpaka minne ni dhahabu)
- waipsi, tishu, sabuni ya kipande, na chupa kubwa ya maji ya kunawa ambayo sio ya kunywa
- pampasi nne tano, zilizobaki ziende kwenye buti
- nguo moja kamili kwa kila mtoto, imeviringishwa pamoja chupi kwa shati, usianze kutafuta suruali ya nani barabarani
- kanga mbili, ntaeleza kazi yake
- ndala za kila mtoto
- kopo kubwa lenye mfuniko, lile la aiskrimu au ndoo ndogo ya rangi iliyooshwa vizuri

Hilo kopo ni la kutapikia. Zamani tulikuwa tunabeba mifuko ya rambo, ila mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku toka Juni 2019, na mfuko wa karatasi ukiingiwa na matapishi unajua mwenyewe unaachia chini. Kopo linafunikwa, harufu inabaki ndani, mkifika mahali penye maji mnalisuuza maisha yanaendelea.

Hatua ya 3: Saa ya kuondoka ndio inaamua vituo vyote

Ondokeni saa kumi na nusu alfajiri. Sio saa kumi na mbili. Watoto waogeshwe usiku, walale na nguo za safari (trakisuti au dera jepesi, hamna mkanda unaobana tumbo), alfajiri unawabeba na shuka zao mpaka kwenye gari. Wanaendelea kulala, nyie mnapita Kimara na zile njia nane mpaka Kibaha kabla watu hawajaanza kuamka, na mkifika Chalinze ndo kunakucha wanafumbua macho. Yani sehemu inayochosha kuliko zote, ya malori na foleni, mmeipita wakiwa usingizini.

Wanaokaa Tegeta, Bunju na huko wana njia nyingine, Bagamoyo mpaka Msata, mnaikwepa Kibaha na Chalinze yote na mnatokea mbele. Njia hiyo ina malori machache, na mnapita Kiwangwa penye mananasi. Ukinunua nanasi, lisimenywe kwenye gari, kisu na watoto na matuta havikai pamoja.

Jambo lingine la saa kumi na nusu ni kwamba mnakuwa mbele ya mabasi ya asubuhi. Faida yake utaiona mkifika Korogwe.

Hatua ya 4: Vituo vyenyewe

Kituo cha kwanza, Chalinze (au Msata kwa waliopita Bagamoyo), saa kumi na mbili na nusu hivi. Hiki ni kifupi, dakika ishirini. Ingia sheli kubwa, sio pale njia panda penyewe kwenye fujo za bodaboda na wauza korosho. Kazi ni tatu na zifanyike kwa mpangilio huu: choo, uji, kukimbia. Uji unatoka nao nyumbani kwenye chupa ya chai, usimnunulie mtoto chai ya maziwa saa hiyo. Alafu waache wakimbie kidogo sehemu isiyo na gari zinazorudi nyuma, mmoja wenu akiwa amewasimamia kwa macho, sio kwa simu. Watu wengi wanaruka hiyo ya kukimbia wakidhani ni anasa, lakini mtoto aliyekaa masaa mawili bila kusogea akirudishwa kwenye siti bila kukimbia ndo yule anayempiga mwenzake mateke mpaka Mkata.

Kituo cha pili, Mkata au popote pazuri baada ya kuvuka Wami. Dakika kumi. Pale daraja la Wami watoto watataka kuona mto, waoneshe mkiwa mnapita, msisimame darajani wala msishuke mtoni. Hiki ni kituo cha kuchimba dawa tu, na utaratibu wake nimeuweka hatua ya 5.

Kituo cha tatu, Korogwe, saa tatu asubuhi hivi. Hapa ndo pa kukaa. Dakika arobaini na tano kamili, chai nzito, watoto wale kitu cha moto. Kuna hoteli nyingi ambazo mabasi yanashushia abiria, zina vyoo, kivuli, maji na chakula kinachotoka jikoni muda wote kwa sababu wateja ni wengi. Sasa hapo ndo faida ya kuondoka mapema: mabasi ya saa kumi na mbili kutoka Dar yanaanza kumiminika baadaye, na basi moja likishusha watu hamsini na kitu wenye dakika ishirini za kula, choo kinakuwa na foleni, supu inagombaniwa, na mtoto wako wa miaka mitatu anapotelea kwenye miguu ya watu. Ukikuta mabasi mawili yameshapaki, usiingie. Songa mbele kidogo, tafuta mgahawa wa kawaida au sheli.

Kutoka Korogwe mpaka Mombo ni kipande kizuri, mkonge upande huu na milima ya Usambara upande ule, watoto wakubwa wape kazi ya kuhesabu matrekta au magari ya rangi moja. Mombo mtaona matunda ya Lushoto, peasi, plamu, parachichi, yanauzwa kwenye ndoo na sahani. Mnunue, ila mnunuzi ashuke mmoja na watoto wabaki ndani na mtu mzima mwingine, kwa sababu wauzaji wanakimbilia gari pande zote na barabara ni ileile ya malori. Yaosheni kwanza kabla hayajaingia mdomoni.

Kama mna kichanga cha chini ya miezi sita, au mtoto anatapika sana, au dereva ni mmoja tu hana wa kumpokea, igaweni safari iwe ya siku mbili, laleni Korogwe au Same. Lushoto ni kuzuri na kuna baridi tamu, ila ile barabara ya kupanda kutoka Mombo ni kona juu ya kona kwa kilomita thelathini na kitu, mwenye mtoto anayetapika asijaribu kwa ajili ya picha.

Kituo cha nne, Same, saa sita mchana. Kutoka Mombo ni kilomita 100 hivi, mnapita Hedaru na Makanya, joto, upepo mkavu, barabara imenyooka, na hii ndo sehemu ambayo watoto wanachoka na dereva anasinzia. Kama saa moja ikipita na mambo yanachemka humo ndani simameni Hedaru dakika tano, haina gharama. Same mle chakula cha mchana, dereva alale kidogo, hata dakika ishirini tu kiti kikiwa kimelazwa. Lakini mtoto asiachwe ndani ya gari iliyozimwa akiwa amelala kwa sababu "dakika mbili tu naenda kulipa". Gari iliyopaki juani Same inakuwa tanuri ndani ya muda mfupi na kufungua kioo kidogo hakusaidii.

Hapa pia kanga inaanza kazi. Asubuhi mkienda kaskazini jua linakuja upande wa kulia, mchana mkishapita Same linahamia kushoto. Kwa hiyo mtoto aliyekaa kivulini asubuhi ndo anayechomwa jua saa nane. Bana kanga juu ya kioo cha nyuma kushoto, kipandishe kioo kiishike, tayari pazia.

Baada ya Same wape mchezo wa nani wa kwanza kuuona mlima. Onya mapema kwamba mlima unaweza kujifunika mawingu, mana kuna watoto wanalia kwa hilo.

Hatua ya 5: Kuchimba dawa pembeni ya barabara, bila kuuana

Itatokea. Pamoja na mipango yote mtoto atasema mkojo dakika kumi baada ya kituo, na hamna namna. Fanya hivi:

Dereva asifunge breki palepale. Aangalie mbele sehemu iliyonyooka, sio kwenye kona, sio kwenye mteremko, sio darajani, mahali gari inaweza kutoka nje ya lami kabisa, magurudumu yote manne. Njia za kuingilia vijijini au mashambani ni nzuri sana kwa hili. Awashe hazadi kabla hajapunguza mwendo, kwa sababu nyuma yako kuna basi na dereva wa basi hajui kama una mtoto mwenye haraka.

Gari ikisimama, hamna mtoto anayegusa mlango. Ile loki ya watoto kwenye milango ya nyuma iwe imewekwa toka nyumbani, mlango unafunguliwa kwa nje tu. Mtu mzima anashuka kwanza upande wa kushoto, upande wa majani, anaangalia chini (miiba, chupa zilizovunjika, nyasi ndefu zinazoweza kuwa na nyoka), ndo anafungua mlango na kushusha mtoto mmoja. Mmoja. Huyo akimaliza anarudi anafungwa mkanda, anashuka mwingine. Watoto wote hushukia kushoto, hata aliyekaa kulia anapita juu ya siti. Hamna ubishi kwenye hilo, najua anayeendesha atasema "barabara tupu hii", barabara tupu ndo ambayo gari inakuja na 120.

Kwa wa kiume kazi ni rahisi, simama naye umshike bega aangalie porini. Kwa wa kike toa poti, iweke chini pembeni ya mlango wa nyuma uliofunguliwa, mlango wenyewe unakuwa ukuta wa upande mmoja na kanga unaishika kwa mikono miwili ukuta wa upande wa pili, mtoto anakaa katikati ametulia kama yuko chumbani. Mwaga mbali kidogo, suuza na yale maji ya kunawa, rudisha. Pampasi iliyotumika usiitupe porini jamani, ifunge, iende kwenye kopo au mfuko wa taka mpaka kituo chenye pipa. Ukipita ile barabara mwezi Januari unaona pampasi zinapepea kwenye miiba Makanya huko, aibu.

Giza likiingia msisimame porini, fikeni hata kijiji chenye taa.

Hatua ya 6: Choo cha njiani na mtoto anayekikataa

Vyoo vingi vya sheli na hotelini njiani ni vya kuchuchumaa, vingine wanalipisha hela ndogo, kwa hiyo uwe na sarafu na noti ndogo karibu, usisimame mlangoni na elfu kumi mtoto anarukaruka. Mtoto wa mjini aliyezoea sinki la kukalia akioneshwa lile tundu anakataa katakata. Anaogopa kutumbukia, na ukimwangalia kwa urefu wake tundu lenyewe ni kubwa kweli. Usimlazimishe wala usimcheke. Mvue suruali yote kabisa isibaki miguuni, mvalishe ndala, simama nyuma yake mshike chini ya mapaja umwinue miguu ikiwa juu, kama tulivyokuwa tunashikwa na bibi zetu uani. Akikataa hata hivyo rudini kwenye gari mtoe poti. Ndo maana nilisema ni dhahabu.

Mikono inanawishwa kwa sabuni na maji, sanitaiza haitoi uchafu unaoonekana. Na mtoto asishike ukuta. Namwambia wangu "mikono kichwani" akiingia mle, anaona ni mchezo.

Hatua ya 7: Wale nini na wasile nini

Siri ni kula kidogo kila kituo badala ya kushiba kituo kimoja. Toka nyumbani beba chapati kavu, viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, maandazi yasiyo na mafuta mengi, mtori au uji kwenye chupa ya chai. Mayai ya kuchemsha ni mazuri ila yaliwe kwenye kituo, nje, mkila ndani ya gari mtayakumbuka mpaka Mwanga.

Njiani nunua kilicho moto mbele ya macho yako. Supu inayochemka, chipsi zinazotoka kwenye mafuta, wali ulioko motoni, mahindi ya kuchoma. Kuku aliyekaa kwenye kabati la kioo toka asubuhi mwachie mwenyewe. Kachumbari waruke watoto. Matunda ya kumenya ni salama kuliko yaliyokatwa tayari, machungwa ukiyapata waambie wasikukatie, utakata mwenyewe baada ya kuosha.

Karanga, korosho na pipi ngumu wasipewe watoto wa chini ya miaka mitano gari ikiwa inatembea. Tuta moja tu karanga imeingia kusiko, na mama amefungwa mkanda mbele hamfikii.

Maji watu wanawanyima watoto ili wasikojoe. Acheni hiyo, hasa Mombo mpaka Same na lile joto. Mpe kidogo kidogo, mafunda mawili kila mara, na mpe mengi zaidi kama dakika ishirini kabla ya kituo. Atakojoa kituoni. Na ORS mbili tatu ziwepo kwenye begi, kwa kuharisha au kutapika sana.

Hatua ya 8: Anayetapika

Dalili zinaanza mapema, mtoto aliyekuwa anaongea ananyamaza, anapiga miayo, anakuwa mweupe mdomoni, jasho linamtoka, mate yanamjaa. Hapo hapo simamisha gari, usisubiri. Ashuke, ajilaze au akae aangalie mbali, apigwe na upepo, maji mafunda machache. Dakika kumi zinatosha.

Kuzuia ni rahisi kuliko kufua: asiangalie katuni kwenye simu gari ikitembea (katuni ni za kwenye foleni na za kituoni), akae katikati au mahali anapoona mbele, asianze safari na maziwa tumboni wala na njaa kali, na dereva asiendeshe kwa kukanyaga na kuachia kila dakika. Kipande cha tangawizi kwa mkubwa kidogo kinasaidia baadhi. Vidonge vya kuzuia kutapika muulize daktari au mfamasia kwa umri na uzito wa mtoto kabla ya safari, usikate nusu ya kidonge cha mtu mzima, na wa chini ya miaka miwili usimpe dawa yoyote ya kumlaza eti safari iwe tulivu.

Hatua ya 9: Mjadala na anayeendesha

Huu ufanyike siku moja kabla, sio barabarani. Shida ya madereva wengi, na wa kwangu yumo, ni kwamba dakika zilizotumika kwenye poti anataka azirudishe kwenye mwendo. Tufanye hesabu basi. Kilomita 100 ukitembea 80 unatumia dakika 75, ukitembea 100 unatumia dakika 60. Umeokoa dakika 15, na hapo barabara ingekuwa tupu yote. Lakini ile barabara ina vibao vya 50 kila kijiji, matuta, tochi za trafiki, mbuzi, na watoto wa wenzetu wanaovuka. Ukipigwa tochi mara moja tu, zile dakika zote zimeishia kwenye faini. Kwa hiyo mkubaliane kabla: kufika ni saa tisa alasiri, mkifika kumi poa, na huko kwa bibi msiwaambie saa, waambieni "leo mchana mchana hivi", mana ukitaja saa wataanza kupiga simu toka mkiwa Hedaru na dereva atakanyaga.

Mkubaliane pia majukumu. Anayeendesha akisimama yeye ni wa gari: anaangalia matairi, anaweka wese, ananyoosha mgongo, anakunywa maji. Hashughuliki na mtoto hata mmoja, labda kama hamna mtu mzima mwingine. Akichoka yeye safari imeisha.

Hatua ya 10: Kituo cha mwisho na kurudi

Cha mwisho ni Njiapanda ya Himo. Wa Marangu na Rombo mnakatia hapo, wa Moshi mjini mmebakiza kilomita 25 hivi, na hapa watu wengi wanapitiliza kwa sababu wameshafika. Simameni dakika kumi. Futa nyuso, badilisha mashati yenye uji, chana nywele, kojoza wote, kwa sababu mkifika tu kuna shikamoo ishirini za kuamkia, kubebwa, kupigwa picha, na hamna atakayekumbuka kwamba mtoto hajakojoa toka Same mpaka ajikojolee kwenye mapaja ya shangazi. Migombani kuna baridi ukilinganisha na mlikotoka, sweta zitoke hapo.

Kurudi ratiba ni ileile kinyumenyume, tofauti mbili tu. Kwanza usiku wa mwisho mtachelewa kulala kwa kuagwa, kwa hiyo msiondoke alfajiri kama dereva amelala masaa matatu, ondokeni saa mbili asubuhi mlale Korogwe. Pili, mtapewa mkungu wa ndizi, parachichi, unga wa mbege wa mjomba wa mtu, kuku hai pengine, na vyote vitawekwa juu ya kila kitu na wazee wenye nia njema wakati nyie mnaagana. Kabla ya kuwasha gari mmoja wenu ahakikishe lile begi la vituo liko miguuni mbele, poti ndani yake, na kuku yuko buti na ana hewa.